Kati ya "Kutoka" na "Hadi"

Kwenye uwanja wa softiboli, mchezaji mmoja tu ndiye anayewatazama wenzake wote usoni. Wale wanane wengine wameelekeza macho kwa mpigaji wa timu pinzani. Yeye amechuchumaa nyuma ya huyo mpigaji, kinyago cha chuma usoni, kinga kifuani, kinga kwenye mapaja na miguu, mkono mmoja ndani ya glovu kubwa kama bakuli la uji, na uwanja mzima uko mbele yake. Anaona kila kitu, ila uso wake hauonekani. Na kwa Kiswahili, hadi usiku mmoja wa Julai 2021, mimi sikuwa na jina la kumwita.

Usiku huo nilikuwa zamu kwenye dawati la michezo. Olimpiki ya Tokyo ilikuwa haijafunguliwa rasmi, lakini mashindano yenyewe yalianza siku mbili kabla ya sherehe, na mchezo wa kwanza kabisa ulikuwa softiboli: Japani na Australia, mjini Fukushima. Kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Japani walishinda 8-1, nami nikatakiwa kuandika aya tatu za habari hiyo. Aya tatu tu, lakini zilinitoa jasho.

Si unajua, Kiswahili cha michezo tumejengewa na watangazaji wa soka. Tuna golikipa, tuna mlinda mlango, na akiwa na siku nzuri tunamwita mdaka mishale. Tuna kiungo mkabaji. Tuna washambuliaji wa kucheka na nyavu. Hayo maneno yamepikwa redioni miaka na miaka, yamekolea. Sasa niambie, mtu anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kila mpira usiopigwa, utamwitaje? Mzee mmoja wa dawati letu, bila hata kuinua kichwa, alisema: "Mwite mdaka mishale wa kuchuchumaa." Tukacheka. Nikaandika "mdakaji", nikaenda nalo. Anayerusha nikamwita mrushaji. Vipindi saba vya mchezo nikaviita awamu. Pigo la kuvusha mpira nje ya uzio, ambalo Wamarekani wanalipenda kuliko kitu chochote, nikaliacha liitwe homurani.

Habari ilikwenda hewani asubuhi na bila shaka wengi waliipita. Lakini mimi yule mdakaji aliniganda. Nikaanza kumtafuta kwenye rekodi za zamani, mwaka baada ya mwaka, na nikafika kwa Stacey Nuveman.

Alizaliwa California mwaka 1978. Akasoma sekondari kwenye shule ya wasichana ya St. Lucy's, katika mji wa Glendora, kisha akaingia UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles ambacho kwenye softiboli ya wanawake ni kama Simba na Yanga ukiwaweka kwenye jezi moja. UCLA ndio waliochukua ubingwa wa kwanza wa taifa chini ya chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 1982. Nuveman alikuwemo kikosini walipouchukua tena mwaka 1999. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22 na bado mwanafunzi, alikwenda Sydney kuidakia Marekani kwenye Olimpiki.

Ukiwa mwandishi wa michezo, habari kama hii mkono unaiandika wenyewe: "Kutoka chuo hadi Olimpiki." Kichwa cha habari hicho nimekiandika mara nyingi, na nimekisoma mara nyingi zaidi. Kutoka kijijini hadi Taifa Stars. Kutoka mchangani hadi Ulaya. Ni kichwa kizuri, kinaingia kwenye nafasi, kinavuta msomaji. Ila siku hizi nikikiona nauliza, kati ya "kutoka" na "hadi" pana nini? Kwa Nuveman pana mambo mengi, na la kwanza ni kazi ya kuchuchumaa.

Jina la mchezo lisikudanganye. Kwa Kiingereza jina hilo lina maana ya mpira laini, lakini ule mpira si laini hata kidogo. Mzingo wake ni sentimita 30 hivi, unarushwa kwa mkono unaozunguka toka juu, ukapita chini, ukauachia mpira usawa wa nyonga. Warushaji wakubwa wanauachia kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa, na umbali wenyewe ni mita 12 au 13 tu. Kufumba na kufumbua umefika. Mdakaji ndiye anayeamua uje vipi. Kabla ya kila mpira anateremsha vidole kati ya magoti na kutoa ishara ambayo mpigaji haioni: huu uzame, huu upande, huu ukate nje, huu uje polepole umchanganye. Mrushaji akikubali, anarusha. Ukipotea njia na kugonga vumbi, mdakaji anautupia mwili wake wote ili usipite. Adui aliyeko besi ya kwanza akijaribu kuiba ya pili, mdakaji anatakiwa ainuke toka pale chini na kuurusha mpira karibu mita 26 kabla mwizi hajafika. Halafu anachuchumaa tena. Kwa mchezo mmoja anaweza kuchuchumaa na kuinuka zaidi ya mara mia moja. Wamarekani wenyewe wana utani wa zamani, vile vifaa vyake vyote wanaviita vifaa vya wajinga, yaani mtu mwenye akili timamu hawezi kukubali kuvivaa.

Sasa angalia takwimu zinavyomtendea. Mrushaji akimtoa mpigaji kwa mipira mitatu, jina linaloandikwa ni la mrushaji. Ishara za vidole hazina safu kwenye jedwali. Mpira uliozuiliwa kwa kifua usiende nyuma hauandikwi popote, maana hakuna kilichotokea. Kazi nzuri ya mdakaji ni mambo yasiyotokea. Sisi waandishi tunaishi kwa yale yanayotokea.

Nuveman tunamjua kwa sababu alikuwa na kitu cha pili, nacho ni rungu lake. Alimaliza chuo akiwa na homurani 90, rekodi ya vyuo ambayo ilikaa mpaka mwaka 2015. Hizo 90 ndizo utakazokutana nazo kwenye kila wasifu wake. Mimi nazisoma kwa heshima, lakini kila nikizisoma najiuliza kuhusu wadakaji wengine, wale waliokuwa na magoti ya chuma na macho ya mwewe lakini rungu la kawaida tu. Hao wako wapi kwenye vitabu?

Sydney yenyewe ilikuwa kama riwaya ambayo mhariri angesema mwandishi amezidisha chumvi. Marekani ndio waliokuwa mabingwa wa Olimpiki tangu softiboli ilipoingizwa Atlanta mwaka 1996. Walifika Australia na mlolongo wa ushindi ambao, baada ya kuzifunga Kanada na Kuba, ulifikia michezo 112. Kisha wakafungwa na Japani, 2-1, katika awamu ya 11. Kesho yake China, 2-0, awamu ya 14. Halafu Australia, 2-1, awamu ya 13, mchezo ambao mrushaji wao Lisa Fernandez, naye mtoto wa UCLA, aliwatoa wapigaji 25 kwa mkono wake na bado akapoteza, kwa homurani moja ya Joanne Brown. Tatu mfululizo. Timu iliyokuwa haijui kufungwa ikaanza kuulizana mkosi umetoka wapi.

Walichofanya baada ya hapo bibi yangu angekielewa bila mkalimani. Waliingia bafuni wakiwa na jezi zao, wakafungua maji, wakaoga nuksi. Wanawake wa Marekani, mwaka 2000, wenye makocha na wataalamu na video, wanasimama chini ya bomba na nguo mwilini ili balaa liende na maji. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama nikacheka peke yangu. Kwetu tungeongeza majani kidogo na mtu wa kusoma maneno, lakini jambo ni lile lile.

Nuksi ikaenda au haikuenda, sijui, lakini wakaifunga New Zealand, wakaifunga Italia, wakapenya nusu fainali wakiwa wa nne, wa mwisho kati ya waliofuzu. Pale wakakutana tena na China. Awamu saba, sifuri kwa sifuri. Ya nane, ya tisa, hakuna kitu. Katika ya kumi, wenzake wawili wakiwa kwenye besi, Nuveman akaupiga mpira ukavuka uzio. Tatu bila. Wakaifunga Australia moja bila, kisha Japani 2-1 kwenye fainali, awamu ya nane. Dhahabu.

Hilo pigo dhidi ya China ndilo linalosimuliwa, na ni haki yake. Ila mimi nikilitazama naona pia upande wa pili wa karatasi: awamu kumi ambazo China hawakupata hata pointi moja. Sifuri kumi mfululizo. Kila sifuri ilijengwa na mrushaji na mdakaji wake, ishara moja baada ya nyingine, na mdakaji huyo aliposhika rungu alikuwa ameshamaliza robo tatu ya kazi ambayo hakuna aliyeiandika.

Halafu likafuata jambo ninalolipenda kuliko yote katika maisha yake. Alirudi darasani. Akiwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki, alirudi UCLA, akavaa tena jezi ya chuo, akacheza mpaka mwaka 2002.

Nilimsimulia habari hii mdogo wangu wa kike. Nieleze kwa nini yeye. Mdogo wangu alikuwa golikipa wa netiboli shuleni, mrefu, mikono mirefu, kimya. Kwenye netiboli golikipa naye ni mtu wa mambo yasiyotokea. Anayefunga anashangiliwa, na anayezuia anaulizwa siku akishindwa tu. Alifika timu ya mkoa ya UMISSETA. Nakumbuka baba alivyokunja gazeti lenye picha ya timu, ingawa uso wa mwanawe ulikuwa umefunikwa na mkono wa mwenzake, akaliweka kwenye begi lenye hati za kiwanja. Kidato cha sita kikaisha. Mdogo wangu akaingia chuo, akakuta uwanja wa netiboli una goli moja na nyasi zinafika magotini. Hakuna aliyemfukuza kwenye mchezo. Hakuumia. Simu haikuita tu, mwaka ukapita, na wa pili, akawa mtu ambaye zamani alikuwa anacheza. Alikuwa na miaka 21.

Nikamsimulia yote: wadakaji, ishara za vidole, Sydney, kuoga na jezi, pigo la awamu ya kumi, dhahabu, kurudi darasani. Alisikiliza mpaka mwisho, ananyonyesha, hanikatizi. Nikadhani atauliza kuhusu lile pigo. Akauliza: "Kaka, huko chuoni, wachezaji wanalipiwa ada?"

Nikamweleza utaratibu. Mwaka 1972 Marekani walipitisha sheria ya elimu ambayo kiini chake ni sentensi moja yenye maneno 37 kwa Kiingereza. Inasema kwamba mtu asinyimwe nafasi wala kubaguliwa kwa sababu ya jinsia katika programu yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Neno "michezo" halimo kwenye sentensi hiyo. Lakini michezo ya vyuo iko ndani ya elimu, kwa hiyo vyuo vilivyokuwa vinawajengea wavulana viwanja vikalazimika kufikiria wasichana pia. Haikuwa mara moja na haikuwa bila kesi mahakamani. Ila miaka kumi baadaye kulikuwa na ubingwa wa taifa wa softiboli wa wanawake, na kwa miaka mingi kanuni ziliruhusu timu moja ya daraja la juu kutoa ufadhili unaolingana na ada kamili za wachezaji 12, ambao makocha waliweza kuugawa kwa wengi zaidi. Msichana aliyezaliwa California mwaka 1978 aliikuta ngazi imeshasimama, imeegemezwa ukutani, vidato vyake vinahesabika: shule, chuo, timu ya taifa. Kupanda alipanda mwenyewe, kwa magoti yake. Ngazi hakuijenga yeye.

"Basi," mdogo wangu akasema. Hilo tu. Akambadilisha mtoto bega.

Nimelifikiria hilo "basi" kwa muda mrefu. Sisi wapenzi wa fasihi tunapenda shujaa anayetoka peke yake porini na upanga wake, na ngano zetu zimejaa watu wa namna hiyo. Tukimwandika mwanamichezo tunamvalisha nguo hizo hizo: kipaji, jasho, ndoto. Aliyebaki chini tunamaliza habari yake kwa kusema hakuwa na bahati au hakuwa na moyo. Mdogo wangu alikuwa na moyo. Najua, maana nilimwona akilala na mpira miguuni kama paka. Kilichokosekana kati ya "kutoka" na "hadi" yake hakikuwa ndani yake. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba wapo wanaopita: timu zetu kubwa za netiboli nyingi ni za majeshi na taasisi, binti anayeonwa huko anapata jezi na pengine ajira, na kutoka huko Taifa Queens inapata wachezaji. Ngazi ipo. Ina vidato vichache, na kati ya kimoja na kingine inabidi uruke.

Hata ngazi nzuri inaweza kukatwa juu. Athens, mwaka 2004, Marekani walicheza softiboli ambayo haijawahi kuonekana: michezo tisa, ushindi tisa, pointi 51 kwa moja. Ndiyo, moja, na waliipoteza kwenye fainali dhidi ya Australia, 5-1. Nuveman alikuwa mdakaji wa timu hiyo. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2005, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walikaa Singapore wakapigia kura mchezo mmoja baada ya mwingine, ubaki au utoke. Softiboli ilipata kura 52 za kubaki na 52 za kutoka, mmoja hakupiga upande wowote. Sare haikutosha, walihitaji wengi. Ikatoka, kuanzia baada ya Beijing.

Beijing 2008 ikawa ya mwisho kwa Nuveman, na fainali ikaenda kwa Japani, 3-1. Mrushaji wao Yukiko Ueno alirusha mipira 413 katika michezo mitatu ndani ya siku mbili, na Wajapani wanaijua namba hiyo kama sisi tunavyojua matokeo ya watani wa jadi. Kwa upande mwingine wa kila mpira kati ya hiyo 413 kulikuwa na glovu ya mtu. Nuveman aliondoka na fedha juu ya dhahabu zake mbili. Softiboli ikakaa nje ya Olimpiki miaka 13, ikarudi Tokyo usiku ule niliokuwa zamu, ikatolewa tena Paris 2024, na imerudishwa kwa ajili ya Los Angeles 2028. Michezo yake itachezwa Oklahoma City, mji ambao kila mwaka vyuo vinakutana kugombea ubingwa wa wanawake.

Fikiria binti aliyekuwa na miaka 18 mwaka 2008, mdakaji mzuri, yuko mwaka wa kwanza chuoni. Alipofikisha umri bora wa mchezaji, kidato cha juu hakikuwepo. Alipofika miaka 31 kikarudishwa, magoti yake yameshachakaa. Kizazi kizima cha wanawake waliofanya kila kitu sawasawa kilipotea kwenye nafasi ya kura moja au mbili, na ukitafuta vichwa vya habari vyao hutavipata, maana hawana "hadi".

Nuveman mwenyewe, baada ya kuvua kinyago, alikwenda kufundisha. Akawa kocha wa chuo, San Diego State, si mbali na alikokulia. Rekodi yake ya homurani 90 ilivunjwa na Lauren Chamberlain wa Oklahoma aliyefikisha 95, na baadaye Jocelyn Alo, naye wa Oklahoma, akapanda mpaka 122. Wote hao walipita chuoni, kwenye ngazi ile ile.

Kwenye dawati letu bado naandika habari za wanaopanda, na bado natumia "kutoka" na "hadi", kwa sababu nafasi ni ndogo na mhariri hana subira. Nilichobadilisha ni maswali ninayouliza kwenye simu. Naanza na ada: nani alilipa? Kisha naulizia kiwanja, kilikuwa na magoli mangapi? Halafu nauliza wenzako watano wa timu ya shule wako wapi leo, na hapo mara nyingi mtu ananyamaza kidogo kabla ya kujibu. Majibu hayo hayaingii yote kwenye aya tatu. Nayaweka kwenye daftari, jina kwa jina.